Dakta Banting na Sukari ya Damu

Karibu na mji mdogo uitwao Alliston, katika jimbo la Ontario nchini Kanada, alikaa mkulima mmoja jina lake William Banting. Yeye na mkewe Margaret walijaliwa watoto watano, na kitinda mimba wao, Frederick, alizaliwa tarehe 14 Novemba, mwaka wa 1891. Mtoto huyu alikulia katika kazi za shamba kama watoto wengine wa wakulima. Darasani hakuwa mtu wa kusifiwa. Tahajia ilimshinda tangu utotoni, na ilimshinda vile vile alipokuwa mtu mzima mwenye jina duniani kote. Alipoingia Chuo Kikuu cha Toronto mwaka wa 1910, alianguka katika Kifaransa mwaka wake wa kwanza. Mwaka wa 1912 akahamia masomo ya udaktari, na huko akajulikana kuwa mtu wa bidii, basi.

Vita vikuu vya kwanza vilipopamba moto, masomo ya madaktari yalifupishwa ili wapate kupelekwa vitani. Banting akapata shahada yake mwezi wa Desemba, mwaka wa 1916, akaingia jeshini, akapelekwa Ulaya. Mwezi wa Septemba, 1918, katika mapigano ya karibu na Cambrai huko Ufaransa, kipande cha kombora kilimjeruhi mkono wa kulia. Alijeruhiwa, lakini aliendelea kuwatibu wenziwe hata alipolazimishwa kuondoka. Kwa ajili ya kitendo hicho alipewa nishani ya Military Cross mwaka wa 1919.

Vita vilipokwisha alijifunza upasuaji zaidi katika hospitali ya watoto ya Toronto, lakini kazi ya kudumu hakuipata. Basi mwezi wa Julai, mwaka wa 1920, akanunua nyumba katika mji wa London (nasema London ya Ontario, si ile ya Uingereza), akatundika kibao chake mlangoni, akaketi kungoja wagonjwa. Wagonjwa hawakuja. Katika mwezi wote wa kwanza alichuma dola nne tu. Ili apate posho akachukua kazi ya kuwafundisha wanafunzi wa udaktari katika chuo cha mji ule kwa saa chache, naye mara nyingi alikuwa hana budi kusoma usiku yale aliyotakiwa kuyafundisha kesho yake.

Hapa yafaa nisimamishe habari kidogo, ili msomaji auelewe ugonjwa ulioyabadili maisha ya mtu huyu.

Nyuma ya tumbo la chakula kuna kiungo kiitwacho kongosho. Kiungo hiki kina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kutoa maji ya kuyeyusha chakula. Ya pili ni kutoa dawa moja kidogo sana, ambayo leo tunaiita insulini, nayo inaingia moja kwa moja katika damu. Insulini ndiyo inayoufungulia mwili mlango upate kuitumia sukari. Ikikosekana, sukari inabaki katika damu, inazidi, kisha inafurika katika mkojo. Mgonjwa anakunywa maji mengi, anakojoa sana, anakula na bado anakonda. Mwili ukikosa sukari unaanza kuchoma mafuta yake, na moshi wa moto huo, tuseme hivyo, ni vitu vya namna ya asetoni, ambavyo vikizidi vinamlaza mgonjwa usingizi asioamka. Huo ndio ugonjwa wa kisukari, nao kwa watoto ulikuwa ni hukumu ya kifo. Kabla ya mwaka wa 1922 mtoto aliyeupata aliishi kwa kawaida mwaka mmoja au miwili. Tiba iliyokuwapo ni njaa. Daktari mmoja wa Marekani, Frederick Allen, aliwapunguzia wagonjwa chakula mpaka wakabaki mifupa, kwa kuwa aliona kwamba wakila kidogo sana wanakawia kufa. Wengine walikufa kwa njaa yenyewe.

Kwamba kongosho ndilo lenye kisa, ilijulikana tangu mwaka wa 1889, wakati Oskar Minkowski na Joseph von Mering walipomtoa mbwa kongosho lake huko Strasbourg, na mbwa akashikwa na kisukari. Tangu hapo watu wengi walijaribu kusaga kongosho na kutoa dawa ndani yake. Mmoja wao alikuwa Georg Zuelzer wa Berlin. Mnamo mwaka wa 1906 na miaka iliyofuata aliwadunga wagonjwa kadhaa dawa yake, na sukari ya mkojo ikapungua, lakini baadaye wanyama wake wakashikwa na degedege, naye akaona kwamba dawa ni sumu. Leo wataalamu wengi wanadhani kwamba ile haikuwa sumu hata kidogo. Ilikuwa ni dawa iliyofanya kazi kupita kiasi, ikaishusha sukari ya damu mpaka chini ya kiwango cha uhai. Alikuwa ameishika insulini mkononi, naye hakuipima damu wakati ule, akaiachia. Mwingine ni Israel Kleiner wa New York. Huyu alipima damu vizuri sana, akachapisha mwaka wa 1919 kwamba dawa ya kongosho inashusha sukari ya mbwa wenye kisukari. Lakini mwaka ule ule aliondoka katika chuo alichofanyia kazi, na jambo likakoma. Tena huko Bucharest, Profesa Nicolae Paulescu alichapisha majaribio kama hayo katika mwaka wa 1921, na Warumania wanadai mpaka leo kwamba sifa ni yake. Dai lao lina uzito.

Basi turudi kwa Banting. Usiku wa tarehe 30 Oktoba, mwaka wa 1920, alikuwa akijitayarisha kufundisha habari za sukari mwilini. Akasoma makala ya daktari mmoja wa Marekani, Moses Barron, aliyeeleza kwamba mfereji wa kongosho ukizibwa na kijiwe, seli zinazotoa maji ya kuyeyusha chakula hufa, lakini vile visiwa vidogo vya seli vilivyomo katikati hubaki. Banting akalala, usingizi ukakataa. Kwenye saa nane za usiku akaamka, akaandika katika daftari mistari michache: mfereji wa kongosho la mbwa ufungwe, kungojwe mpaka seli za maji zife, kisha dawa itafutwe katika kilichobaki. Hata neno la kisukari aliliandika kwa tahajia ya makosa.

Wazo lenyewe halikuwa sahihi. Baadaye ilionekana wazi kwamba hakuna haja ya kufunga mfereji wowote. Lakini lilimtoa mtu London na kumpeleka Toronto.

Huko Toronto alikuwako Profesa John Macleod, Mskochi, mjuzi mkubwa wa mambo ya sukari mwilini. Mwezi wa Novemba, 1920, Banting alimwendea akamweleza shauri lake. Macleod aliona mara moja kwamba kijana huyu hajui mengi yaliyokwisha andikwa, lakini mwishowe akakubali kumpa chumba, mbwa kumi, na mwanafunzi mmoja wa kumsaidia. Wanafunzi walikuwa wawili, Charles Best na Clark Noble. Wakarusha sarafu kuamua nani aanze, na Best akapata zamu ya kwanza. Alikuwa na umri wa miaka 22. Noble hakuwahi kupata zamu yake.

Kazi ilianza tarehe 17 Mei, mwaka wa 1921. Banting alipasua, Best alipima. Mwezi uliofuata Macleod akaenda kwao Uskochi kwa likizo. Joto la Toronto lilikuwa kali, chumba kichafu, na mbwa walikufa kwa vidonda na kwa mikono isiyozoea. Katika wiki mbili za kwanza saba kati ya kumi walikuwa wamekwisha kufa. Wale vijana wakawa wananunua mbwa wengine mitaani bila kuuliza sana wametoka wapi. Mshahara hawakuwa nao.

Sasa tutazame namna Best alivyopima, maana humo ndimo habari yote ilimo. Zamani kuipima sukari ya damu kulihitaji damu nyingi mno, na mnyama hakuweza kupimwa mara kwa mara bila kudhoofika. Lakini miaka michache kabla ya 1921 zilikwisha patikana njia za kupima kwa damu kidogo. Best alichukua damu hiyo, akaondoa utomvu wake, akaichemsha pamoja na asidi ya pikiriki na magadi. Ikiwa sukari ni nyingi, rangi ilizidi kuwa nyekundu. Kisha aliilinganisha kwa jicho na rangi nyingine ambayo sukari yake yajulikana. Chombo kikiwa na taka, au jicho likitamani, hesabu inaharibika. Na kweli, mwisho wa mwezi wa Juni, Best aliporudi kutoka mazoezi ya jeshi, Banting alimkemea vikali kwa vyombo vichafu na vipimo vya ovyo. Wakasimama uso kwa uso, karibu wapigane. Usiku ule Best akabaki peke yake, akaosha kila chupa, na kazi ikaanza upya. Mimi nadhani usiku ule ulifaa zaidi kuliko ule wa ndoto ya Banting, ingawa vitabu vingi vinausimulia ule wa ndoto tu.

Hesabu walizoandika zilikuwa za sukari katika damu. Kwa hesabu tunayoitumia siku hizi, mtu mzima wa afya, kabla ya kula, ana kiasi cha miligramu 70 mpaka 100 katika kila mililita 100 za damu. Nitaitaja hesabu hiyo tu kuanzia hapa.

Asubuhi ya tarehe 30 Julai walimdunga mbwa wa namba 410 dawa iliyotolewa katika kongosho lililofungwa. Sukari yake ilikuwa 200. Baada ya saa moja ilikuwa 120. Mbwa huyo alikufa kesho yake, lakini wale vijana walijawa na furaha, wakaandika barua kwenda Uskochi.

Macleod alijibu kwa upole, akawataka waendelee lakini wasifurahi mapema. Walete ushahidi ambao mtu mwenye shaka hawezi kuupangua. Banting aliona kwamba mzee anamdharau. Sidhani alidharauliwa. Kushuka kwa hesabu ni jambo rahisi kuliona na gumu kulielewa. Sukari ya damu hushuka mnyama akinyimwa chakula. Hushuka damu ikizimuliwa kwa maji mengi ya chumvi, kama mchuzi ulioongezwa maji. Tena hesabu hizi hupanda na kushuka zenyewe kila siku, hata ukimpima mnyama siku sukari yake ilipokuwa juu kabisa, ukampima tena kesho, yamkini utaikuta imepungua ingawa hukumpa kitu. Mtu akimpa dawa siku ile ile ya juu, ataisifu dawa bure. Ndiyo sababu haitoshi kujua kwamba hesabu imeshuka; yafaa kujua ingeshuka kiasi gani kama dawa isingalitolewa.

Vijana wale walijifunza jambo hilo kwa vitendo. Mwezi wa Agosti walitoa makongosho ya mbwa wawili, namba 409 na namba 92. Mmoja walimpa dawa, wa pili hawakumpa. Yule wa 409, aliyenyimwa, alikufa katika siku chache. Yule wa 92 aliishi mpaka mwisho wa mwezi, naye alikuwa akimfuata Banting chumbani kama mbwa wa nyumbani. Siku alipokufa Banting alilia. Wakajaribu tena kutoa dawa namna ile ile katika ini na katika wengu, wakamdunga mbwa: hesabu haikushuka. Wakachemsha dawa ya kongosho: nguvu ikapotea. Kila jaribio la namna hiyo liliziba tundu moja la shaka.

Macleod aliporudi mwezi wa Septemba waligombana. Banting alitaka mshahara, chumba cha kufaa na mtu wa kuwatunza mbwa. Akatishia kuondoka. Mwishowe alipata alichotaka, lakini chuki ilibaki moyoni mwake mpaka mwisho wa maisha ya Macleod, na hata baadaye.

Mwezi wa Novemba walianza kutumia makongosho ya ndama wasiozaliwa, waliyoyapata machinjioni, na mwezi wa Desemba makongosho ya kawaida ya ng'ombe, wakiyasaga katika pombe kali. Sasa dawa ilikuwa nyingi, lakini chafu. Ndipo Macleod alipomwingiza mtu wa nne, James Collip, mkemia wa Edmonton aliyekuwa Toronto kwa mwaka mmoja. Collip alikuwa na mkono wa ajabu katika kusafisha dawa. Tena alileta werevu mwingine: hakungoja mbwa waliokatwa makongosho, bali alipima nguvu ya dawa kwa sungura wazima, kwa kuangalia sukari yao inashuka kiasi gani. Akaona pia kwamba sungura wakizidishiwa dawa wanashikwa na degedege, na wakipewa sukari wanainuka mara moja. Jambo lililomtisha Zuelzer likawa kwa Collip kipimo.

Katika hospitali kuu ya Toronto alikuwa amelazwa mtoto wa miaka 14 jina lake Leonard Thompson. Uzito wake ulikuwa ratili 65 tu. Baba yake alikubali ajaribiwe. Collip alikuwa bado anasafisha dawa yake, lakini Banting aliogopa kunyang'anywa kazi, akashikilia kwamba dawa waliyoitengeneza yeye na Best itangulie. Macleod akakubali shingo upande. Tarehe 11 Januari, mwaka wa 1922, mtoto akadungwa sindano mbili za maji mazito ya rangi ya udongo, moja kila tako. Sukari ya damu yake ilikuwa 440. Ikashuka mpaka 320.

Wasomaji, tazameni hesabu hiyo. Imeshuka kwa zaidi ya robo. Mtu mwenye tamaa angaliweza kuipigia tarumbeta, na magazeti yangalimsaidia. Lakini madaktari walipima mambo mengine pia. Sukari aliyoikojoa mtoto kwa siku nzima ilikuwa gramu 91.5, sasa ilikuwa 84, tofauti isiyo na maana. Asetoni ilibaki mkojoni vile vile. Mahali pa sindano pamevimba jipu. Na mtoto mwenyewe, aliyelala pale kitandani, hakuonekana kuwa na nafuu yoyote. Wakaandika kwamba hakuna faida, wakaacha.

Collip akarudi kwenye chupa zake. Usiku mmoja, katikati ya mwezi ule, akakipata alichokitafuta: kipimo cha pombe ambacho taka zinadondoka chini kabla yake, na dawa yenyewe inadondoka pombe ikizidi kidogo. Tarehe 23 Januari Leonard akaanza kudungwa dawa ya Collip. Sukari ya damu ilikuwa 520. Kesho yake ilikuwa 120. Sukari ya mkojo ikatoka gramu 71.1 ikawa 8.7. Asetoni ikatoweka. Mtoto akachangamka, akasema ana nguvu. Safari hii mambo manne yalikwenda njia moja, na hakuna aliyekuwa na haja ya kubishana.

Hata hivyo siku zile zile Banting na Collip walipigana. Collip alikataa kumweleza namna ya kusafisha dawa, Banting akamshika ukosi, na Best akawatenganisha. Ni aibu kuisimulia, lakini ndivyo ilivyokuwa. Tarehe 25 Januari wakatia sahihi mapatano kwamba hakuna atakayechukua hati ya umiliki peke yake.

Dawa ilipewa jina la insulini katika mkutano wa madaktari huko Washington tarehe 3 Mei, mwaka wa 1922. Lakini kabla ya hapo yalitokea masika mabaya. Collip alipojaribu kuitengeneza kwa wingi, siri yake ilimponyoka. Chupa baada ya chupa zikatoka bila nguvu, na wagonjwa wakingoja. Ilichukua majuma mengi kuipata tena. Kisha kampuni ya Eli Lilly ya Indianapolis ikaingia kusaidia, na mwishoni mwa mwaka dawa ilikuwa ikitengenezwa kwa wingi.

Mwezi wa Agosti, 1922, aliletwa kwa Banting binti wa waziri wa mambo ya nchi za nje wa Marekani, Elizabeth Hughes. Alikuwa ameishi kwa tiba ya njaa ya Dakta Allen tangu mwaka wa 1919, na uzito wake ulikuwa ratili 45, naye karibu atimize miaka 15. Banting akamdunga, na baada ya majuma machache alikuwa akila mkate na viazi kama watoto wengine. Banting hakuwa mjuzi wa maabara kama wenzake, lakini wagonjwa walimpenda, hasa watoto.

Likabaki swali la kipimo. Chupa moja ya insulini haikuwa sawa na nyingine, na tofauti hiyo iliweza kuua. Wale wa Toronto wakakubaliana kipimo kimoja kiwe ni kiasi cha dawa kinachoishusha sukari ya sungura wa kilo mbili, aliyefungishwa chakula saa 24, mpaka 45. Kizuri, lakini sungura si mizani. Huyu hushuka upesi, yule hukawia. Wa leo si wa jana. Kwa hiyo wataalamu waliokusanywa na ule Ushirika wa Mataifa, uliokuwapo kabla ya Umoja wa Mataifa, waliamua kwamba unga mkavu wa insulini uwekwe mahali pamoja, na kila dawa mpya ilinganishwe nao kwa sungura wa siku moja. Kigezo hicho kilianza kazi mwaka wa 1925, nacho kilitunzwa London, safari hii ile ya Uingereza.

Mwaka wa 1923 Banting na Macleod walipewa Tuzo ya Nobel. Banting alikuwa bado na miaka 31 ilipotangazwa, na mpaka leo hakuna aliyeipata tuzo ya udaktari akiwa mdogo kuliko yeye. Badala ya kufurahi alighadhibika, kwa kuwa Best aliachwa na Macleod akachukuliwa. Akatangaza kwamba nusu ya fedha zake ni za Best. Macleod naye akagawana zake na Collip. Kwa miaka mingi watu walimwona Macleod kama mtu aliyejipatia sifa za wengine akiwa likizoni Uskochi. Wanahistoria waliozisoma karatasi zote wamemrudishia heshima yake, nami naafikiana nao. Bila ukaidi wake wa kutaka ushahidi, kazi ya Toronto ingalikuwa sawa na ya Zuelzer. Hati ya dawa waliiuza kwa Chuo Kikuu kwa dola moja moja kila mtu. Jambo hilo linastahili kukumbukwa leo, insulini inapouzwa ghali mno katika nchi nyingi, na wagonjwa wa vijijini Afrika wanapoitunza ndani ya chungu cha maji kwa kukosa barafu.

Serikali ya Kanada ilimpa Banting malipo ya kila mwaka kwa maisha yake yote, na mwaka wa 1934 Mfalme wa Uingereza akampa cheo cha Sir. Lakini hakuvumbua tena jambo kubwa. Alitafuta dawa ya saratani kwa miaka mingi bila kuipata. Alipenda zaidi kuchora picha. Rafiki yake mchoraji A. Y. Jackson alifuatana naye mpaka nchi za barafu za kaskazini mwaka wa 1927, na picha zake za theluji ni nzuri kwa kweli.

Kile kipimo alichokitegemea kimeendelea kuwasumbua wataalamu waliomfuata. Siku hizi hospitali hupima pia namna sukari ilivyojishika na chembe nyekundu za damu, na kipimo hicho kinaonyesha hali ya miezi miwili au mitatu iliyopita badala ya saa moja. Mwaka wa 1993 uchunguzi mkubwa wa Marekani na Kanada ulithibitisha kwamba wagonjwa wa kisukari cha ujana walioteremsha kipimo hicho waliepukana sana na madhara ya macho, figo na mishipa ya fahamu. Lakini mwaka wa 2008 uchunguzi mwingine, uliojaribu kukishusha sana kwa watu wazima wenye kisukari cha namna ya pili na maradhi ya moyo, ulikatizwa kabla ya wakati. Hesabu zao zilishuka vizuri sana, na waliokufa katika kundi hilo walikuwa wengi kuliko katika kundi lile jingine. Daktari wa mwaka wa 1922 aliyemtazama Leonard kitandani kabla ya kuitazama karatasi ya vipimo asingalishangaa.

Leonard Thompson mwenyewe aliishi miaka 13 baada ya sindano zile, akafa kwa homa ya mapafu mwaka wa 1935, mwaka ule ule aliokufa Macleod. Elizabeth Hughes aliolewa, akazaa, akaishi mpaka mwaka wa 1981.

Vita vya pili vilipoanza Banting alivaa tena nguo za jeshi, akaongoza uchunguzi wa afya ya marubani. Mwezi wa Februari, mwaka wa 1941, aliitwa kwenda Uingereza. Alipita Montreal, ambako Collip alikuwa profesa. Ugomvi wa mwaka wa 1922 ulikuwa umekwisha zamani, na wawili hao walikuwa marafiki wakubwa. Wakakaa pamoja wakizungumza kabla ya safari. Usiku wa tarehe 20 ndege yake iliruka kutoka Newfoundland, mitambo ikaharibika, ikaanguka msituni karibu na Musgrave Harbour. Rubani alipona. Banting alikufa kesho yake katika theluji, akiwa na umri wa miaka 49.